Vyuma vya Mama na Kamba za Kizungu

Kwetu tulikuwa na neno moja tu la kufunga. Mbuzi tunamfunga, kuni tunazifunga, mwizi tunamfunga, na neno ni lile lile. Ukitaka kujua ni mbuzi au ni mtu, unasikiliza ni nani analia. Mzungu si hivyo. Mzungu ana neno kwa kila unene wa kamba, na kwa kila urefu, na hata kwa kamba ambayo bado iko mfukoni haijatolewa.

Hayo sikujifunza shuleni. Shule nilikaa mpaka nikajua kusoma Injili kwa kufuata kidole, kisha baba akaona shamba lake la wimbi linaliwa na ndege, akanitoa nikafukuze ndege. Nilijifunza kwa mume wangu, ambaye alikuwa mkalimani wa korti mjini Kisii. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya Mzungu na watu wetu, akichukua maneno upande huu akiyapeleka upande ule, kama mtu anayebeba maji kwa mikono mitupu. Nyumba yetu ilikuwa Sironga, na wiki ikiisha alikuja kwa miguu akiwa amevua viatu akavining'iniza shingoni ili visiishe. Akifika ananawa miguu, anakaa kwenye kigoda, na mimi namuuliza: leo umeleta nini?

Wengine wakitoka mjini huleta nyama. Yeye alileta neno.

Siku moja alileta rimandi. Nikamwambia anifunulie. Akasema rimandi ni kamba ya mtu ambaye bado hawajaamua kama wamfunge. Nikamuuliza, kama hawajaamua si wamwache aende kwake? Akasema hawawezi kumwacha, si nimekwambia hawajaamua. Tulicheka mpaka uji ukamwagika. Siku nyingine akaleta bondi. Hiyo ni kamba ndefu sana, akasema, unatembea nayo mpaka nyumbani, unalala nayo, unalima nayo, lakini ncha yake imebaki chini ya mkono wa Mzungu juu ya meza. Na lokapu hiyo kila mtu aliijua, hata watoto walicheza lokapu ndani ya zizi la ndama.

Kulikuwa na mama mmoja Mwislamu pale mjini, nyuma ya soko, ndiye mume wangu alikuwa amepanga chumba kwake. Babu zake waliletwa na jeshi kutoka mbali huko kaskazini wakabaki hapa, naye alizaliwa Kisii, akauza mandazi na chai kwa watu wanaongoja kesi. Kiswahili changu ni chake. Hiki unachosoma, kama kuna mahali kimenyooka ni yeye, na kama kimepinda ni mimi. Alinipenda akaniita binti yangu. Nilipomhesabia yale maneno ya mume wangu, alitikisa kichwa akasema, "Binti yangu, hawa watu wana kamba nyingi kuliko ng'ombe. Mtu mwenye kamba nyingi hivyo, ogopa, anatafuta cha kufunga."

Nilicheka. Lakini baadaye niligundua jambo ambalo sikulipenda. Neno lilikuwa linatangulia. Alileta rimandi tukacheka, na kabla hatujapalilia mara ya pili kijana wa jirani yetu alikuwa ndani ya rimandi. Alileta warandi, na askari akaja kwenye kilima chetu na karatasi ya kumkamata mpika pombe. Ilikuwa kama bundi anayetua juu ya paa. Bundi mwenyewe haui mtu, lakini ukimwona unaanza kuhesabu walio ndani ya nyumba. Nikaanza kuwahesabu watu wangu. Na kila nilipohesabu, kidole kilikuwa kinasimama kwa kaka yangu.

Sasa ngoja nirudi nyuma, maana bila mama yangu hutaelewa chochote.

Mama alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa upande wa Ikonge, ng'ambo ya kijito, na siku hizo hapakuwa na chai huko kama leo. Ilikuwa wimbi, ndizi na ng'ombe. Miguuni alivaa ebitinge. Vijana wa sasa hawajaviona. Ni pete za chuma, nyembamba, nyingi, zimerundikana juu ya kifundo cha mguu, na mwanamke alivishwa siku ya harusi yake kubwa. Havivuliwi. Mume akifa havivuliwi, kwa sababu kwetu mume akifa wewe bado ni mke wake, na watoto ni wake. Kuvua vile vyuma ni kusema ndoa imekufa, na kwamba yule mtu aliye kaburini hakuwa na mke hapa. Mama akitembea vilikuwa vinalia, cha-cha, cha-cha. Tulipokuwa wadogo tukimwibia maziwa tulijua muda wa kukimbia kwa kusikia miguu yake. Mimi mwenyewe nilivalishwa vichache, na watu wa misheni wakanisema, lakini hiyo ni hadithi nyingine, tena ndefu, na yule mhubiri aliyenisema alikuja kukamatwa na chupa ndani ya kanzu.

Kaka yangu alikuwa mmoja tu, mimi dada yake mmoja tu. Kwetu kaka na dada wanafungwa pamoja na ng'ombe. Mimi nikiolewa, ng'ombe wanakuja zizini kwa mama; ng'ombe wale wale ndio kaka anawatoa kuoa. Kwa hiyo mke wa kaka anaingia kwa mlango niliotokea mimi. Na mimi nikiasi ndoa yangu nikirudi nyumbani, ng'ombe wanadaiwa, na mke wa kaka yangu anaweza kurudishwa kwao. Ndiyo maana hata mume akikuudhi, unamkumbuka kaka yako, unanyamaza, unapika. Hiyo nayo ni kamba, ila sisi hatukuipa jina.

Ng'ombe zangu zilifika zote. Mume wangu hakuwa mtu wa kuvuta miguu. Kaka naye akapata msichana huko Gesima, mrefu, mchapakazi, anacheka na meno yote, na baba yake akakubali. Lakini palikuwa na mwanamume mwingine aliyemtaka msichana yule, mtu mwenye mifugo mingi na rafiki wa askari wa chifu. Kaka akaharakisha.

Wakati huo mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Siku nilipoumwa, mama mzazi wa mume wangu alikuwa ameshafariki, basi akaitwa mama yangu. Mume wangu alikuwa mjini, na alipofika alihamia kwa jirani mpaka mama amalize kazi aondoke. Hiyo ni chinsoni. Sina Kiswahili chake chote. Ni ile heshima na haya iliyo kati ya mkwe na mkwe. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani, hawatazamani machoni, hawali pamoja, na maneno ya mwili, ya uzazi, ya damu, hayapiti kati yao kabisa. Bora ufe kuliko mama mkwe akutajie tumbo la binti yake.

Mama alifika asubuhi, cha-cha, cha-cha, anapumua kwa nguvu. Huku akinisugua mgongo aliniambia, ili nisahau maumivu, kwamba ng'ombe wameondoka leo. Amemsindikiza kaka mpaka kijitoni na kuwanyunyizia ng'ombe maji kwa baraka, kisha akakimbia kwangu. Nikazaa msichana jua likiwa juu ya kichwa. Tukasema siku gani njema kama hii, mke anakuja na mtoto anakuja.

Mwisho wa wiki hiyo mume wangu alikuja kumwona mtoto. Akanawa miguu. Sikumuuliza ameleta nini, lakini alileta. Kwarantini.

Hakucheka. Alisema hiyo si kamba ya mtu mmoja, ni kamba ya nchi nzima. Kuna ugonjwa wa ng'ombe, na Mzungu wa mifugo ameweka mpaka kwenye kijito, hakuna mnyama mwenye kwato atakayevuka, wala ngozi, wala nyama. Siku ya pili yake chifu alifanya baraza pale Ikonge akatangaza. Watu wakauliza, na mahari? Akasema wasichana wangoje. Watu wakanung'unika, wakatawanyika. Nikamwambia mume wangu afadhali ng'ombe za kaka zilishapita. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba tumshukuru Mungu na tusiseme tena.

Lakini yule mwanamume mwingine wa Gesima alisema. Alienda kwa askari wa chifu akawaambia kwamba katika zizi la mzee fulani kuna ng'ombe wenye alama ya sikio ya Ikonge, na wamevushwa baada ya baraza. Baba wa msichana alipoulizwa aliogopa, akasema aliamka akawakuta zizini, hajui walikuja lini. Majirani wetu nao wakasema wao hawashiki hesabu ya siku. Siwalaumu. Kesi ni kama kuhara, ukimkaribia mwenye nayo unaambukizwa. Kaka alikamatwa akilima, jembe likabaki limesimama kwenye udongo, na mama akakataza lisiguswe mpaka arudi.

Kwa hiyo mtu aliyejua siku, mbali na kaka mwenyewe, alikuwa mmoja tu, mama. Mimi nilikuwa na maneno ya kusikia kutoka kwake, na mume wangu alisema korti ya Mzungu haipokei maneno ya kusikia. Mama akisema siku, kaka anarudi nyumbani, anaoa. Asiposema, anafungwa, na ng'ombe wanachukuliwa na serikali, na msichana anachukuliwa na yule mwingine. Mambo yalikuwa mepesi hivyo. Na mkalimani wa korti alikuwa mmoja, mkwe wake.

Mume wangu alimwendea Mzungu kumwomba atafutwe mtu mwingine. Alirudi jioni akakaa juu ya kigoda bila kunawa miguu. Aliniambia amejaribu kumweleza chinsoni, na kwamba yeye ambaye amebeba maneno yote yale ya kufunga, makubwa na madogo, siku hiyo alitafuta la Kiingereza la kitu hiki kimoja akalikosa. Alisema kwa Kiingereza ni heshima. Mzungu akajibu, vizuri, amheshimu, na aseme ukweli. Alisema ni aibu; Mzungu akauliza amefanya nini cha aibu. Alisema ni mwiko. Mzungu akatabasamu akasema korti haina miiko. Akaacha.

Mama alipoambiwa hakulia. Alifikiri, halafu akapanga. Atajifunika shuka kichwani, atageukia nguzo, ataongea na nguzo. Mkwe naye asimame nyuma ya nguzo, asikie, apeleke. Nguzo haina mama mkwe.

Siku ya kesi nilibeba mtoto mgongoni nikakaa na mama muuza mandazi chini ya dirisha la korti, ambalo halikuwa na kioo, kwa hiyo yote niliyasikia na mengine niliyaona. Mama aliingia, vyuma vikalia kwenye sakafu ya saruji kwa sauti ambayo sikuizoea, kali, kama vijiko. Kaka alikuwa amesimama na askari kando yake. Mama akageukia nguzo. Watu wakacheka kidogo, Mzungu akagonga meza.

Mwanzoni kulienda vizuri. Mzungu akauliza, mume wangu akaiambia nguzo, mama akaijibu nguzo. Ng'ombe walikuwa wake? Wake. Waliondoka kabla ya baraza? Kabla. Siku ngapi? Siku chache. Hapo Mzungu akaweka kalamu chini akauliza, mwanamke huyu hajui kusoma, hana kalenda, anajuaje kwamba ni siku hiyo na si nyingine?

Mume wangu hakutafsiri mara moja. Mimi chini ya dirisha nilihisi maziwa yanatoka yenyewe. Kwa sababu jibu lilikuwa rahisi, ni siku ambayo binti yangu alizaa, nilitoka kwa ng'ombe nikaenda kumpokea mtoto, mikono yangu ilikuwa na damu yake. Hilo ndilo jibu. Na wa kulipokea alikuwa baba wa mtoto huyo, mkwe wake.

Aliuliza. Mama akasema, "Najua tu."

Mzungu akasema aeleze anajuaje.

"Najua."

Mzungu akaamuru afunue uso, aache nguzo, amgeukie mkalimani, ajibu kama watu. Askari akamgeuza kwa mabega. Mume wangu akataka kumweleza Mzungu jambo kwa Kiingereza, Mzungu akamkata akamwambia kazi yake ni kutafsiri si kueleza. Basi mume wangu akafanya kitu ambacho mpaka leo sijui kama nimsifu au nimlilie. Alimtazama mama usoni, akaongea naye kwa Ekegusii chetu, yeye mwenyewe, si maneno ya Mzungu.

"Mama, sema. Mimi hapa si mtu, mimi ni mdomo tu. Taja siku ile, mtoto wako arudi nyumbani."

Wazee wetu waliokuwa ndani wakainamisha vichwa. Mama alivuta shuka juu ya uso wake, akatembea. Hakukimbia. Alipita kati ya mabenchi akatoka mlangoni, cha-cha, cha-cha, na Mzungu akimwita nyuma yake, na yeye hasikii lugha ile.

Siku hiyo mume wangu hakuhitaji kuleta neno nyumbani, nililisikia mwenyewe kupitia dirishani. Kontemti. Ni kamba ya mtu aliyeidharau korti. Askari wakamchukua mama uwanjani wakampeleka lokapu, akae mpaka akubali kusema. Na kaka wakamtoa, wakamkalisha kwenye benchi nje ya lokapu hiyo hiyo angoje.

Askari wa lokapu alikuwa mtu wa upande wa ziwa, Mkristo, mpole, mwimbaji wa kwaya. Nasema mpole kwa sababu alikuwa mpole, alimpa mama maji kabla ya yote. Lakini sheria yake ilikuwa moja, chuma hakiingii lokapu. Mshipi unabaki nje, kisu kinabaki nje. Akatazama miguu ya mama.

"Mama, hivi lazima vitoke. Si mimi, ni amri."

Mama hakuelewa Kiswahili. Mimi nilielewa. Nilimkimbilia nikamwambia askari kwamba havitoki, havina mlango, vilipigwa vikafungwa mguuni kabla mimi sijazaliwa. Akasema basi vitakatwa, ataniletea nivihifadhi vizuri. Akaagiza tupa kutoka kwa fundi wa baiskeli. Akapiga magoti kwa adabu kabisa, kama mtu anayeosha miguu kanisani, akashika mguu wa mama, akaanza.

Ile sauti ya tupa juu ya chuma. Mama muuza mandazi aliziba masikio akaanza kuomba kwa Kiarabu. Mama yangu alisimama wima ameangalia mbele, hakuvuta mguu. Na kaka yangu kwenye benchi alikuwa anasikia. Wewe ambaye si wa kwetu ungeona ni pete inakatwa. Yeye aliona baba yetu anafukuliwa. Mama akivuliwa vile, baba hana mke. Baba asipokuwa na mke, yeye ni mtoto wa nani?

Kaka akasimama akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti ya kawaida, kama anaagiza chumvi.

"Afande, acha mguu wa mama. Mwambie Mzungu ng'ombe nilivusha mimi, baada ya baraza. Nimekubali."

Nikamwambia, kaka, wewe unasema nini. Akanijibu bila kunitazama, "Nyonyesha mtoto, dada. Hili ni langu."

Wakamrudisha ndani. Akasema vile vile mbele ya Mzungu. Na mume wangu, ambaye alijua ni uongo, ambaye alijua siku kwa sababu ni siku ya mtoto wake, alisimama pale akautafsiri, neno kwa neno, kwa Kiingereza kizuri. Nilimuuliza miaka mingi baadaye kwa nini hakukataa. Akasema kama angekataa tupa ingeendelea.

Kaka alipewa kifungo cha kazi ngumu. Ng'ombe walichukuliwa wote, ng'ombe zangu, za mahari yangu, wakauzwa huko walikouzwa. Msichana wa Gesima alichukuliwa na yule mwingine kabla ya mavuno. Na mama aliachiwa jioni hiyo hiyo, tupa ilikuwa imefika katikati ya pete ya juu kabisa, ikaacha pengo. Tangu siku hiyo mlio ulibadilika. Ulikuwa cha-cha, ukawa cha-tik. Mtoto wangu alikua akijua bibi yake kwa mlio ule wenye kidonda, hakuujua ule mzima.

Mimi nilikaa nikafikiri jambo ambalo sikumwambia mtu. Nimefungwa na ng'ombe ambao hawapo tena. Nikitaka kuondoka kwa mume, hakuna cha kurudisha. Nikikaa, kukaa kwangu hakumpi kaka mke. Kamba ipo, ila mnyama amekufa. Sikutaka kuondoka, mume wangu alikuwa mwema. Lakini kutotaka kutoka ni kitu kimoja, na kujua mlango hauna kitasa ni kitu kingine.

Wazee walisema chinsoni imevunjwa, itengenezwe. Ni jambo dogo ukiwa na mbuzi: mkwe analeta mbuzi wa kwake, anachinjwa kwa mama mkwe, maneno yanasemwa, kunakuwa safi. Mbuzi alikuwapo, mnono. Lakini alikuwa Sironga, na mama alikuwa ng'ambo ya kijito, na mbuzi ana kwato. Kwarantini ilikaa. Ilipoondolewa ugonjwa mwingine ukaja ikarudi. Mbuzi alizeeka. Mama akasema basi, kilichochelewa hivyo kimeshaoza, na hakukubali tena kusafishwa. Akija kwangu alikaa nje, karibu na nguzo ya ghala, na kama ana neno kwa mume wangu aliiambia nguzo.

Kaka alirudi. Alikonda, kichwa kimenyolewa, kimya kama mtu aliyeacha kitu ndani. Kabla ya kula alichuchumaa mbele ya mama akaingiza ukucha katika lile pengo, akalipima. Akang'oa jembe ambalo lilikuwa bado shambani, mpini umeliwa na mchwa. Muda si mrefu akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu mbali, kwenye baridi, upande wa Nakuru, na hakuoa.

Halafu ikaja ile miaka mibaya ya hali ya hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Mume wangu alianza kuleta maneno mawili mawili. Kafyu, hiyo ni kamba ya jua, likizama umefungwa. Ditenshen, hiyo haina urefu kabisa, hakuna kesi, hakuna siku ya kutoka. Sikutaka kuyasikia. Nilimwambia akiwa na neno aende akaliambie zizi. Alikuwa anakaa nalo mdomoni mpaka ugali unapoa.

Mama alikuja siku moja, cha-tik, cha-tik, akakaa mahali pake. Mume wangu alikuwa anapasua kuni. Mama akaigeukia nguzo ya ghala.

"Nguzo, uliza kama kuna neno jipya."

Mume wangu aliweka shoka chini. Akaiambia nguzo, "Mwambie hakuna." Lakini mimi namjua uso wake anapobeba.

Lilikuwa ristrikshen. Kaka alikuwa ameshikwa pamoja na wengine wengi katika shamba alilofanyia kazi, na walipoona alishawahi kufungwa wakamweka muda mrefu, kisha wakamrudisha kwao na amri. Asitoke katika kilima cha mama yake. Mpaka wake ni kijito. Ni kijito kile kile, hakuna tofauti hata jiwe. Akivuka, ni jela. Mzee mmoja alisema kwa mzaha kwamba sasa kaka naye ana kwato. Hakuna aliyecheka.

Aliishi hivyo. Alilima vizuri, mama alimpikia, na mimi nilivuka kwenda kwao; wao hawakuja pamoja kwangu tena kamwe. Jioni ukipita unamwona amesimama karibu na maji, hafanyi kitu.

Lile pengo kwenye pete liliota kutu, likawa na ncha, likawa linamkwaruza mama. Kidonda kikapona kikarudi, kikapona kikarudi. Mwaka mmoja wa mvua nyingi mguu ulivimba, ukawa mweusi. Mume wangu alitafuta vijana wambebe kwa machela mpaka kwa daktari mjini. Kaka alishika upande mmoja wa machela hadi kijitoni, na pale akaachia, mtu mwingine akashika. Mama akamwambia asubiri hapo hapo, atarudi, atamsikia akija.

Mjini daktari alisema vyuma vitoke au mguu utoke. Mama hakuwa na nguvu ya kukataa, homa ilikuwa imemmaliza. Nilishika mkono wake. Sauti ya tupa ilikuwa ile ile. Aliishi siku mbili akiuliza nani anatembea nyumba nzima bila miguu kulia, kisha akatutoka.

Tulimrudisha kwa machela ile ile, akiwa amefunikwa. Mvua ilikuwa imeacha. Nilipoteremka kijitoni nilimwona kaka ng'ambo, amesimama pale pale tulipomwacha, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Alikuwa ameambiwa atamsikia akija. Nilikuwa na vile vyuma, nimevifunga katika leso, na nilivishika kifuani kwa mikono miwili visigongane.